Ajali Ina Mahali Pake: Tuchore Ramani ya Ajali za Kijiji



Mtu akigongwa na gari, watu husema, "Ajali haina kinga." Maiti huzikwa, matanga huisha, watu hurudi shambani. Baada ya miezi michache mtu mwingine hugongwa palepale. Tunasema tena, "Ajali haina kinga." Je, maneno haya ni ya kweli?

Katika somo la leo tutaona kwamba ajali nyingi hazitokei popote tu. Zinarudia mahali palepale. Mahali hapo pana sababu, na sababu ikijulikana inaweza kuondolewa. Njia ya kuitafuta ni ramani. Wataalamu wa siku hizi hutumia setilaiti na kompyuta, lakini msingi wa kazi yao ni kuandika, kuhesabu na kusoma. Mambo hayo matatu wasomaji wetu wanayajua.

UKUBWA WA TATIZO

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu milioni 1.19 walikufa duniani kwa ajali za barabarani. Zaidi ya tisa katika kila kumi walikufa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29, ajali za barabarani zinaua kuliko ugonjwa wowote.

Hebu tuangalie Tanzania. Kwa mwaka 2016, hesabu ya serikali ilikuwa vifo 3,256. Lakini WHO, katika taarifa yake ya mwaka 2018, ilikadiria kwamba vifo vya mwaka huo vilikuwa 16,252. Hiyo ni karibu mara tano.

Kwa nini tofauti iwe kubwa hivyo? Si lazima mtu awe amedanganya. Polisi wanahesabu ajali iliyowafikia. Kijana akianguka na pikipiki usiku, akabebwa mpaka zahanati, akafa nyumbani baada ya wiki mbili, huenda hakuna aliyeandika popote kwamba barabara ndiyo iliyomwua. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Na watu bila daftari je? Nao hupotea vivyo hivyo.

RAMANI ILIYOANZA NA KIPINDUPINDU

Wazo la kuweka alama za vifo kwenye ramani si geni. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu katika mtaa mmoja wa London, Uingereza. Wakati ule watu wengi waliamini kwamba ugonjwa huo unaletwa na hewa chafu. Daktari mmoja, John Snow, alishuku maji. Akapita nyumba kwa nyumba akiuliza nani amekufa, na watu wa nyumba ile walikuwa wanachota maji wapi. Kumbe wengi walichota kwenye pampu moja iliyokuwa Broad Street. Aliwaendea viongozi wa mtaa, nao mwezi Septemba 1854 wakaondoa mpini wa pampu hiyo ili isitumike tena. Baadaye akachapisha ramani. Kila kifo kilikuwa na alama yake, na alama zilikuwa zimejaa kuizunguka pampu ile.

Tuangalie alichofanya. Hakuuliza tu "Nani amekufa?" Aliuliza pia "Wapi?" Swali la "wapi" ndilo lililompeleka kwenye "kwa nini". Sisi tutafanya vivyo hivyo kwa ajali.

MFANO WA NAIROBI

Watafiti wa Benki ya Dunia walitaka kujua ajali za jiji la Nairobi, Kenya, zinatokea wapi hasa. Kulikuwa na shida ya takwimu. Lakini waliona kwamba wakazi wa jiji wana tabia ya kutangaziana habari za barabara kwa simu, kupitia mtandao wa Twitter: "Ajali mahali fulani, msipite njia hiyo." Wakakusanya taarifa hizo za miaka ya 2012 hadi 2020. Kompyuta ikazichambua, ikatambua mahali panapotajwa, na ikaunganisha taarifa zilizohusu ajali moja. Zilipatikana taarifa 32,991 za ajali, nazo zikawa ajali 22,872 tofauti.

Je, taarifa za watu zinaaminika? Watafiti walituma waendesha pikipiki waende kuona ajali kadhaa kwa macho yao mara zilipotangazwa. Asilimia 92 zilikuwa kweli.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Nusu ya ajali ambazo mahali pake palijulikana zilitokea kwenye sehemu ndogo sana za barabara. Ukizijumlisha sehemu hizo zote, hazifiki kilomita 1 katika kila kilomita 100 za barabara za jiji.

Tusome tena hesabu hiyo polepole. Serikali yenye fedha kidogo haiwezi kutengeneza kilomita 100. Lakini kilomita moja inawezekana. Ndiyo faida ya ramani: inatuambia tuanzie wapi.

NAMBA ZA MAHALI

Ukisema "ajali imetokea karibu na ule mwembe mkubwa", mwenzako wa kijiji anaelewa. Mhandisi aliye mkoani haelewi. Anahitaji namba.

Wataalamu wameigawa dunia kwa mistari ya kufikirika. Latitudo hupima umbali kutoka Ikweta kwenda kaskazini au kusini. Longitudo hupima kutoka mstari wa Greenwich, Uingereza, kwenda mashariki au magharibi. Kila mahali duniani pana namba zake mbili. Mji wa Dodoma, kwa mfano, uko karibu na latitudo 6.17 Kusini na longitudo 35.74 Mashariki.

Simu janja nyingi zinaweza kuonyesha namba hizi kwa njia ya GPS. Huu ni mfumo wa Marekani wenye setilaiti zaidi ya 24 zinazoizunguka dunia kwenye urefu wa kilomita 20,000 hivi. Simu hupokea mawimbi ya setilaiti angalau nne, hupima muda yaliotumia kufika, kisha hupiga hesabu ya mahali ilipo. Kazi hii haihitaji vocha. Mahali pa wazi, simu hukosea kwa mita chache tu.

Angalieni tarakimu zilizo baada ya nukta. Digrii moja ya latitudo ni kilomita 111 hivi. Tarakimu mbili baada ya nukta hukufikisha kwenye eneo la kilomita moja hivi. Utajua mtaa, lakini hutajua mti. Tarakimu nne hukufikisha kwenye mita 11 hivi. Kwa kazi ya ajali, andikeni tarakimu nne au zaidi.

Je, kama hakuna simu janja? Tumieni nguzo za umeme, mawe ya kilomita, kalvati na hatua za miguu. "Hatua 60 kutoka kalvati kwenda shuleni" ni bora mara mia kuliko "pale chini".

Msidhani kuchora ramani ni kazi ya ofisini peke yake. Tangu mwaka 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo na wakazi wa Dar es Salaam walipita mitaani kuchora njia, nyumba na mitaro, ili kupambana na mafuriko. Michoro yao iliingia katika OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea na kutumiwa bure.

DAFTARI LA AJALI

Kijiji kichague watu wawili au watatu wanaoaminika: pengine mhudumu wa afya, mwalimu na dereva wa bodaboda. Wawe na daftari moja lenye safu hizi:

1. Tarehe na siku ya wiki.
2. Saa.
3. Mahali (namba za simu, au nguzo na hatua).
4. Aliyepata ajali: mtembea kwa miguu, mwenye baiskeli, mwenye pikipiki au abiria, mtoto au mtu mzima.
5. Alikuwa anatoka wapi na anakwenda wapi.
6. Chombo kilichohusika na upande kilikotoka.
7. Hali: mvua, giza, vumbi, jua la machoni.
8. Matokeo: amenusurika, ameumia, amekufa.

Msiandike majina. Daftari hili si la kushtaki mtu, wala si la kutonesha vidonda vya wafiwa. Ni la kutafuta mahali. Mambo ya sheria yaachiwe polisi.

Andikeni pia waliokoswakoswa. Mtoto aliyerukia mtaroni lori lilipompita, akatoka na mchubuko tu, ametupa habari muhimu bila kulipia kwa maisha yake.

TUFANYE MFANO

Huu ni mfano wa kujifunzia tu. Tuseme barabara ya lami inapita kijijini kwa kilomita 4. Daftari la miaka miwili lina ajali 20. Tunaigawa barabara vipande 8, kila kimoja nusu kilomita, halafu tunahesabu:

Kipande cha 1: ajali 1
Kipande cha 2: hakuna
Kipande cha 3: ajali 9
Kipande cha 4: ajali 2
Kipande cha 5: ajali 1
Kipande cha 6: ajali 6
Kipande cha 7: hakuna
Kipande cha 8: ajali 1

Vipande viwili tu, cha 3 na cha 6, vina ajali 15 kati ya 20. Hiyo ni robo tatu ya ajali zote katika robo ya barabara.

Sasa tufungue daftari. Katika kipande cha 3, saba kati ya tisa walikuwa watembea kwa miguu, na watano kati yao ni watoto. Karibu wote waligongwa alfajiri au saa 12 jioni. Tukaenda kutazama, tukiwa pembeni ya barabara. Tukaona nini? Nyumba nyingi ziko upande wa magharibi. Bomba la maji liko upande wa mashariki. Kumbe watoto wanavuka na ndoo kichwani, wakati wa mwanga hafifu, mara nne kwa siku!

Mkutanoni watu walikuwa wanasema, "Tatizo ni madereva wahuni." Wahuni huenda wapo. Lakini dereva huyohuyo amepita vipande vya 1, 2, 4, 5 na 7, na huko hakugonga watu wengi. Ramani inatuonyesha dawa ambayo hakuna aliyeifikiria: kuvuta bomba la pili upande wa magharibi. Mtoto asiyevuka hagongwi.

Kipande cha 6 ni habari nyingine. Wote sita walikuwa kwenye pikipiki au baiskeli, wakiteremka, usiku au baada ya mvua. Pale pana kona na kalvati jembamba. Mvua inamwaga mchanga juu ya lami, na vichaka vimeziba kona. Hapa dawa ni kufyeka, kuzoa mchanga, kuzibua mtaro na kuomba vibao vya tahadhari. Kazi ya kwanza inaweza kufanywa na wanakijiji Jumamosi moja, kwa ruhusa ya wenye barabara.

Mnaona? Ni barabara moja, lakini magonjwa ni mawili na dawa ni mbili.

TUPIME MWENDO NA MACHO

Mara nyingi sababu ni mwendo. Hapa tunahitaji hesabu kidogo. Tuseme dereva anachukua sekunde moja kuona hatari na kukanyaga breki. Lami ni kavu na breki ni nzima. Gari litasimama baada ya:

Mwendo wa kilomita 30 kwa saa: mita 13 hivi.
Mwendo wa kilomita 50 kwa saa: mita 28 hivi.
Mwendo wa kilomita 80 kwa saa: mita 58 hivi.

Sasa simameni pembeni, mahali watoto wanapovukia, mtazame dereva anakotokea. Pimeni kwa hatua: gari linaanza kuonekana likiwa umbali gani? Ikiwa ni mita 40, dereva wa kilomita 50 atasimama. Wa kilomita 80 hatasimama, hata awe mcha Mungu namna gani. Nchini Tanzania, mwisho wa mwendo katika maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa. Hesabu hii inatuonyesha kwa nini.

Wakati mwingine sababu ni mlima. Huko Kenya, kwenye barabara ya Nakuru hadi Eldoret, sehemu ya Salgaa na Sachangwan ilijulikana kwa miaka mingi kuwa ya ajali. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan. Watu walikusanyika kuchota mafuta, moto ukalipuka, zaidi ya watu 100 wakafa. Tarehe 31 Desemba 2017 basi na lori viligongana katika eneo hilo, watu 36 wakafa. Mteremko pale ni mrefu. Baadhi ya madereva wa malori huweka gia huru, wenyewe husema "nyutro", ili kubana mafuta. Breki hubeba uzito wote, huchemka, hushindwa kushika. Baadaye ulijengwa ukuta wa zege kutenganisha magari yanayopanda na yanayoshuka. Dereva mbaya anaweza kuwa bado yupo, lakini ukuta unamzuia asimvae anayekuja.

Tena si lazima kusubiri watu wafe ndipo tujue. Mpango wa kimataifa uitwao iRAP hupima barabara yenyewe: njia ya miguu ipo? Kivuko kipo? Kona ina kibao? Kisha huipa nyota, kuanzia 1 kwa barabara ya hatari hadi 5 kwa barabara salama. Nanyi mnaweza kuuliza maswali hayohayo.

TAHADHARI

Kwanza, ajali moja haitoshi. Huenda ni bahati mbaya tu. Ajali zikirudia palepale ndipo mshuku mahali.

Pili, kumbukeni wingi wa watu. Mnadani watu ni wengi, kwa hiyo ajali zaweza kuwa nyingi. Ulizeni pia: wanapita wangapi?

Tatu, msijenge matuta kwa hasira. Tunajua vijiji ambako mtoto akigongwa, watu humwaga kifusi barabarani usiku uleule. Uchungu wao tunauelewa. Lakini tuta lisilo na kibao wala rangi humwua mwenye pikipiki anayepita gizani. Tutakuwa tumehamisha msiba kutoka nyumba moja kwenda nyingine.

Nne, mkipima msisimame barabarani, na watoto wasipewe kazi hiyo.

RAMANI IPELEKWE WAPI?

Ramani iliyofungiwa sandukuni haiokoi mtu. Ibandikeni ofisi ya kijiji, isomwe katika mkutano mkuu. Kisha barua yenye nakala ya ramani iende kwa mwenye barabara, kupitia mtendaji na diwani. Barabara kuu na za mikoa zinashughulikiwa na TANROADS. Barabara za wilaya, za mijini na vijijini, zinashughulikiwa na TARURA, iliyoanza kazi mwaka 2017. Barua iwe fupi: mahali, idadi, sababu tuliyoiona, jambo tunaloomba. Afisa akisoma "barabara yetu ni mbaya" ataiweka pamoja na barua nyingine mia. Akisoma "ajali 9 kwa miaka miwili, namba za mahali ni hizi, tunaomba kivuko na kibao cha 50", anajua pa kwenda.

Je, kubadili mahali kunasaidia kweli? Jijini Dar es Salaam, shirika la Amend lilichunguza maeneo ya shule za msingi ambako watoto walikuwa wanaumia sana. Wakatengeneza njia za miguu, vivuko, matuta na vibao. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa watoto walioumia walipungua kwa asilimia 26. Mwaka huohuo kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya taasisi ya WRI. Watoto walikuwa walewale, na jiji ni lilelile. Kilichobadilika ni pale mahali pa kuvukia.

Wazee wanakumbuka kampeni ya "Mtu ni Afya" ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma, halafu wakaenda kuchimba vyoo. Kusoma kulizaa kazi. Tunashauri kikundi chenu kifanye hivyo kwa ajali. Anzeni na daftari wiki hii. Msipokuwa na ajali ya kuandika, mshukuruni Mungu, na mwandike waliokoswakoswa.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Katika mfano wetu, vipande vya 3 na 6 vina asilimia ngapi ya ajali zote?
2. Kwa nini dawa ya kipande cha 3 haiwezi kutibu kipande cha 6?
3. Gari linakwenda kilomita 80 kwa saa. Mtoto anaonekana akiwa mita 50 mbele. Je, gari litasimama kabla ya kumfikia?
4. Tajeni mahali patatu katika kijiji chenu ambapo watu wamegongwa au wamekoswakoswa. Kila mahali, semeni watu wanavuka kufuata nini.
5. Barabara yenu iko chini ya TANROADS au TARURA? Nani atakwenda kuuliza?

MANENO YA KUKUMBUKA

Latitudo: kipimo cha mahali kutoka Ikweta kwenda kaskazini au kusini.
Longitudo: kipimo cha mahali kutoka Greenwich kwenda mashariki au magharibi.
Setilaiti: chombo kilichorushwa angani kinachoizunguka dunia.
Takwimu: hesabu za mambo zilizokusanywa na kupangwa.
Kukadiria: kupata hesabu ya karibu pale ambapo hesabu kamili haipo.